Siku 80 hazina sanamu: tupande muyombo, tuache parakomando wa bronzi



Kila mwaka, mwezi wa tano ukifika, mazungumzo ni yaleyale hapa Kolwezi. Tunayasikia kwenye matanga, kwenye arusi, kwenye viti vya baa za Manika, hata nje ya kanisa misa ikiisha. Mmoja anaanza: «Bale ba-para balituokoa, beye! Sasa sanamu yao iko wapi?» Wa pili anatikisa kichwa. Wa tatu, huyu ni mwenye kusoma, anaongeza kwamba miji ya Ulaya imejaa askari wa bronzi juu ya mawe, na kwamba Kolwezi, mji uliojulikana dunia nzima kwa sababu ya miavuli ya 1978, hauna hata kidole kimoja cha bronzi cha kuwakumbuka walioruka. Wote wanakubaliana kwamba ni aibu.

Sisi wa chama hiki, watoto wa Dilolo, wa Kasaji, wa Kisenge na wa Mutshatsha tunaokaa mujini, tumesikiliza hayo muda mrefu bila kujibu. Heshima kwa wakubwa ilitufunga midomo. Lakini kijitabu hiki ni cha mila, na jambo la kukumbuka wafu ni la mila kabla ya kuwa la politiki. Kwa hiyo tunajibu leo, na jibu letu ni hapana. Parakomando wa bronzi asisimame Kolwezi, asisimame Dilolo, asisimame popote katika inchi hii ya Lualaba. Tutaeleza sababu moja moja, na mwenye kupinga atupinge kwa sababu, si kwa kelele.

Kwanza tuhesabu siku.

Wazee wetu wanazo vita mbili ambazo wanazipa majina kwa siku. Iko vita ya siku 80, ile ya 1977. Iko vita ya siku 6, ile ya Kolwezi, 1978. Ya kwanza ilianza tarehe 8 mwezi wa tatu 1977, wakati watu wa FNLC ya Nathanaël Mbumba walipovuka kutoka Angola. Hawakuanza Kolwezi. Walianza kwetu: Dilolo, Kisenge, Kapanga. Kisha Kasaji, kisha Mutshatsha. Mwezi wa nne Ufaransa ikaleta kwa ndege zake askari 1,500 wa Morocco ili kumsaidia Mobutu, na mpaka mwisho wa mwezi wa tano jeshi la Zaire likawa limerudi mpakani. Siku 80 zile, nani aliruka kwa mwavuli ili kuwaokoa watu wa Dilolo? Hakuna. Wananchi walivuka mpaka kwa miguu, makumi ya maelfu, na watoto mgongoni na sufuria kichwani, wakaenda kulala Angola. Waliobaki walijifunza kwamba jeshi linalokuja kukomboa mukini linaweza kuuadhibu mukini uleule, kwa sababu kwa macho ya askari kila Mulunda, kila Mundembo, kila Mucokwe alikuwa ndugu wa adui.

Ya pili ilianza tarehe 13 mwezi wa tano 1978. Wapiganaji walipita safari hii upande wa Zambia, wakaingia Kolwezi asubuhi. Tarehe 19, mchana, legioni ya Wafaransa, ile regima ya pili ya parakomando inayokaa Calvi, chini ya kolonel Philippe Erulin, ikaruka juu ya mji. Kesho yake Wabelgiji wakashuka kwenye kiwanja cha ndege kwa kazi moja, kuwaondoa wazungu. Siku 6 zile zilipata vitabu, zilipata nishani, zilipata hata filimu iliyotoka 1980. Na filimu ile, wandugu, haikupigwa Kolwezi. Ilipigwa Guyane, ng'ambo ya bahari. Mji mwingine uliigiza mji wetu, na watu wengine waliigiza wafu wetu.

Sasa tuko tunauliza: siku 80 zina nini? Hazina filimu, hazina nishani, hazina sanamu. Kwa nini mateso ya mwezi mmoja yanastahili bronzi, na mateso ya mwaka uliotangulia, ya watu walewale, ya njia ileile ya reli, hayastahili hata ubao wa mbao? Jibu linajulikana. Dilolo haikuwa na wazungu wengi wa kuokoa. Haikuwa na mashimo ya mukuba. Kolwezi ilikuwa navyo vyote viwili, tena ilikuwa na kobalti, ambayo bei yake ilipanda dunia nzima mwaka uleule. Hatusemi kwamba kila kijana aliyeruka alijua hesabu hiyo. Kijana anaruka kwa sababu ameamriwa. Lakini mwenye kuamuru alijua, na sanamu haiheshimu kijana peke yake, inaheshimu pia hesabu ya aliyemtuma.

Pili, tumwangalie aliyeruka, na tumwangalie aliyesahauliwa.

Wenye kudai sanamu wanasema «ba-para» kama vile walikuwa wa aina moja. Walikuwa wa aina tatu. Wa kwanza kuruka juu ya Kolwezi hawakuwa Wafaransa, hawakuwa Wabelgiji. Walikuwa vijana wa Zaire, kompani moja ya batayo ya 311, iliyorushwa tarehe 16 mwezi wa tano, siku tatu mbele ya legioni. Walishuka katikati ya bunduki za adui, wengi wakafa. Mkubwa wa batayo, meja Mahele, akaja kwa barabara na askari wengine, wakapigana, wakashika kiwanja cha ndege. Legioni iliporuka, kiwanja kilikuwa tayari mikononi mwa Wazaire. Hata C-130 zilizowabeba Wafaransa kutoka Kinshasa zilikuwa za jeshi la anga la Zaire, na miavuli waliyoivaa ilitoka katika akiba ya Zaire. Mali ya serikali ile ilitoka wapi zaidi, kama si katika mukuba wa huku? Basi tulilipa ndege, tulitoa miavuli, tulitoa wafu wa kwanza, na leo tunaombwa tulipe na sanamu.

Je, mmewahi kumsikia mtu kwenye baa akidai sanamu ya vijana wa tarehe 16? Sisi hatujamsikia. Mahele mwenyewe alipanda cheo mpaka jenerali, na akauawa Kinshasa usiku wa tarehe 16 mwezi wa tano 1997, mikononi mwa askari wa upande wake, wakati alipokuwa anatafuta mji usimwagike damu. Miaka 19 kamili baada ya kompani yake kuruka. Kama kweli tunataka kuwaheshimu waliotoka angani, kwa nini tunaanza na wageni?

Na huyo kolonel wa legioni, tusimfanye malaika. Henri Alleg, mwandishi wa gazeti aliyekamatwa Alger 1957, alimshitaki Erulin, wakati ule luteni, kuwa kati ya maofisa waliomtesa. Mashitaka hayo yalirudi Ufaransa 1978, wakati Kolwezi ilipompa jina. Hakuhukumiwa kamwe, kwa kuwa mambo ya Algeria yalifunikwa na msamaha, na alikufa 1979. Hatuko wahakimu wake. Tunasema tu kwamba bronzi haiwezi kujibu maswali, na mtu ambaye maswali juu yake hayajaisha asisimamishwe mbele ya shule za watoto wetu.

Wafaransa wenyewe wanabishana juu ya jambo hili. Mwaka wa 2024 mji wa Toul ulisimamisha sanamu ya bronzi ya jenerali Marcel Bigeard, parakomando mashuhuri, mzaliwa wa mji ule. Wakaaji wengine walisimama kupinga, kwa sababu ya yale yaliyotendeka Algeria. Kama kwao, mahali alipozaliwa na kufia, sanamu inaleta kelele, sisi tunatafuta nini? Na hapa inchini tumeisha kuona. Mwezi wa pili 2005 sanamu ya Leopold II ilirudishwa barabarani Kinshasa. Ilikaa saa chache tu, ikaondolewa. Watu wa Kinshasa hawakuhitaji mkutano wa wataalamu ili kujua kwamba kuna chuma ambacho macho hayawezi kuvumilia.

Tatu, na hapa njo kiini cha maneno yetu, tuangalie mila.

Wakubwa wetu hawakukosa sanamu. Wachongaji wa Cokwe walimchonga Chibinda Ilunga, mwindaji, na leo kazi zao ziko katika majumba ya makumbusho ya Berlin na ya Fort Worth, Marekani. Lakini Chibinda ni nani? Ni mgeni. Alitoka Baluba, akafika katika inchi ya Lueji na upinde wake. Tuangalie namna alivyofika. Hakuanguka juu ya vichwa vya watu. Aliwinda, akagawa nyama, akakaa, akaoa. Lueji mwenyewe alimpa lukano, ile bangili ya ufalme. Tunamheshimu mgeni yule kwa sababu alikaa na alizaa, sisi ni wajukuu wake. Parakomando wa 1978 alikaa wiki chache, akarudi kwake. Alifanya kazi aliyotumwa, alipe au asilipe asante ni jambo lake na waliomtuma. Lakini ujukuu hapana.

Na hadithi ile ina mtu mwingine ambaye tunamsahau: Chinguli, ndugu wa Lueji. Alikasirika kwa sababu ya ufalme uliotolewa kwa mgeni, akaondoka na watu wake kwenda magharibi, upande wa Angola. Sasa msomaji afikiri. Watu wa FNLC walikuwa nani? Walikuwa askari wa zamani wa Katanga ya Tshombe, mwana wa Musumba. Baada ya 1963 waliondoka na hasira, wakaenda magharibi, Angola, wakazaa watoto kule, wakarudi na silaha. Hatuwasifu. Tunajua walichofanya Kolwezi: walisimamisha watu mbele ya mahakama za barabarani, waliua raia weusi na weupe. Mwenye kufa kwa mkono wao ana haki ya kulia, nasi tunalia naye. Lakini walikuwa Chinguli wetu. Kosa la ndugu linahukumiwa nyumbani, mbele ya wazee, na jina lake linatajwa. Ukisimamisha katikati ya mji mtu wa bronzi mwenye bunduki aliyekuja kuua ndugu zako, hata kama ndugu walikuwa na kosa, umefunga mlango wa hukumu ya nyumbani. Umesema: ugomvi wetu ulimalizwa na mgeni, na tumeridhika.

Kuna tena chishinga. Wazee wa huku wanajua: mwindaji anasimika tawi lenye panda, na pale anaweka nyama kwa ajili ya mkubwa wake wa uwindaji aliyekufa. Tawi lile linamheshimu mtu mwenye silaha, ndiyo. Lakini linamheshimu kwa sababu nyama yake iligawiwa mukini mzima. Mwenye silaha ambaye hakugawa kitu hana chishinga. Hiyo ni sheria nzuri, na tungependa wenye kudai bronzi waijibu: parakomando aligawa nini Dilolo?

Na kwa wafu wa ukoo, mila yetu ni muyombo. Unakata tawi, unalisimika ardhini katikati ya mukini, linashika mizizi, linakuwa muti. Linapewa jina la aliyekufa. Mkubwa wa ukoo anafika asubuhi na mpemba, anaupaka muti weupe ule, anaongea na mfu kama anavyoongea na mtu mwenye masikio: anamwambia nani mgonjwa, nani amezaa, nani amegombana na nani. Muyombo hauna sura ya askari wala ya mfalme. Mtoto akiuliza «huyu ni nani?», lazima mkubwa afungue kinywa na kusimulia. Sanamu ya bronzi inasimulia peke yake, na inasimulia hadithi moja tu: kofia, bunduki, mwavuli, ushindi. Muyombo unamlazimisha aliye hai aseme, na mwenye kusema anaweza kusahihishwa na mwenzake.

Tunajua majibu tutakayopewa, kwa sababu tumeisha kupewa.

Wa kwanza atasema: «Mimi nilikuwa ndani ya nyumba siku zile. Bila ba-para ningekuwa mfu. Munataka nisahau?» Mama, baba, hapana. Wewe usisahau. Uliyeokolewa ana deni la asante, na deni hilo ni takatifu. Mwombee aliyekufungulia mlango. Wanajeshi watano wa legioni walikufa katika mji huu, mbali na mama zao, tena legioni ni ya watu wa inchi nyingi. Ukitaka kuwasha mshumaa kwa ajili yao, tutawasha pamoja. Lakini asante ya mtu ni ya mtu. Ukiifanya ya mji mzima, unamlazimisha mjane wa Dilolo ashukuru kwa jambo ambalo halikumfikia. Asante ya kulazimishwa ni kodi.

Wa pili atasema tunachochea ukabila. Kinyume chake. Orodha tunayoitaka ina kila mtu. Wazungu zaidi ya 100 waliokufa Kolwezi wamo, pamoja na wale waliokutwa wamelundikana katika nyumba moja ya mtaa wa P2, ambao hata leo watu wanabishana ni nani aliyewapiga risasi. Mamia ya Waafrika waliokufa wiki ileile wamo, hawa ambao vitabu vingi vinawapa mstari mmoja. Vijana wa tarehe 16 wamo, na wengi wao walitoka mbali na Lualaba. Wa FNLC wamo pia, kwa maana mfu hazikwi na chama chake. Na wafu wa siku 80 wanakuwa wa kwanza, kwa sababu walitangulia.

Wa tatu, huyu ni mwenye biashara, atasema sanamu italeta wageni na pesa, zaidi sasa ambapo Kolwezi ni mji mkuu wa jimbo tangu 2015 na reli ya Lobito inatajwa kila siku. Tunamjibu kwa hesabu ya mukuba. Bronzi ni nini? Ni mukuba na bati. Katika kilo 10 za bronzi ya sanamu, karibu kilo 9 ni mukuba. Wakubwa wa Katanga walikuwa wanaitwa walya mukuba, wenye kula mukuba, kwa sababu waliuyeyusha wenyewe, wakatengeneza misalaba iliyotembea katika biashara mpaka mbali. Leo mukuba unatoka hapa kwa malori na mabehewa, hatujui tena unakuwa nini. Na siku moja unaturudia una sura ya mtu wa kigeni mwenye bunduki, na sisi tunapiga makofi na kununua maua? Mukuba wetu ukirudi, urudi ukiwa waya wa umeme mpaka Kasaji. Pale tutapiga makofi.

Wa nne, na huyu tunamheshimu kuliko wote, atasema: «Munasifu muyombo, lakini iko wapi? Ninyi wenyewe mumekata miti kwa makala.» Kweli. Hapa hatuna cha kujitetea. Pori linaondoka katika magunia kwenye barabara ya Mutshatsha, na vijana wetu wa Kolwezi wengi hawajui muyombo unafanana na nini. Wengine kati yetu, tukiwa wakristo wa bidii, tuliona haya kusimama mbele ya muti na mpemba mkononi, tukaacha wazee wafe na majina yao. Ndiyo sababu mahali pameachwa wazi, na mahali wazi panaita bronzi. Anayedai sanamu anatuonyesha njaa ambayo sisi hatukuilisha.

Basi tusimalize kwa kukataa tu. Chama kinapendekeza hivi.

Dilolo, karibu na gare, ambapo vita ya siku 80 ilipita kwanza, wazee wapande muyombo mmoja kwa wafu wa 1977. Kolwezi wapande mmoja kwa wafu wa 1978, mahali ambapo Manika na mji wa zamani wanaweza wote kufika kwa miguu. Chini ya kila muti liwekwe daftari, na kila familia iende kuandika jina la mfu wake, bila kuulizwa alikufa kwa risasi ya nani. Wakristo waje na padri au mchungaji wao, wazee waje na mpemba, hakuna atakayemfukuza mwenzake. Kila tarehe 8 mwezi wa tatu na kila tarehe 13 mwezi wa tano, majina yasomwe kwa sauti. Na wajukuu wa waliobaki Angola waalikwe, kwa maana ni watoto wa Chinguli, na nafasi yao kwenye mkeka haijachukuliwa.

Kazi hiyo haihitaji mfadhili, wala ubalozi, wala fundi wa Ulaya. Inahitaji tawi, maji, na wazee ambao bado wana kumbukumbu. Wa tatu hao njo wanaopungua. Kila matanga tunayokwenda, daftari moja ambalo halikuandikwa linaingia kaburini.

Mwenye kutaka parakomando wa bronzi, tunamwomba kitu kimoja tu kabla ya kuchanga pesa zake. Aende kwanza Dilolo, aketi na bibi yeyote mwenye umri wa kutosha, amwambie: «Yaya, tunasimamisha sanamu ya waliotuokoa.» Kisha anyamaze, asikilize bibi atauliza nini. Sisi tunajua atauliza nini. Atauliza: «Baliokoa nani?»